Nahau, Misemo na Misimu: Maswali Tunayoulizwa Zaidi Hapa Dodoma

Nafundisha Kiswahili hapa Dodoma. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, wanaoniuliza asili ya maneno si wanafunzi wangu peke yao. Wapo watumishi waliotoka Dar es Salaam, Tanga na Mwanza, wapo vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wapo wazazi ninaokutana nao sokoni Majengo. Maswali yao ni yale yale, basi nimeyakusanya hapa na kuyajibu moja moja.

Njia ninayoitumia ni nyepesi. Nikikutana na nahau, najiuliza: nani alikuwa akilifanya jambo hili kwa mikono yake, na kwa chombo gani? Nahau nyingi zilianza zikiwa kazi ya mtu fulani. Alibeba mzigo, alipepeta nafaka, alicheza ngoma, alisafiri na jahazi. Kazi ile ikaachwa, maneno yake yakabaki vinywani mwetu.

Nahau, methali na misimu vina tofauti gani?

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake huipati kwa kujumlisha maana ya neno moja moja. Ukisema fulani "amepata jiko," hakuna aliyenunua jiko, mtu ameoa. Methali ni kauli kamili yenye funzo, na mara nyingi ina pande mbili. Misimu ni maneno ya kundi la watu na ya wakati wao.

Jina "misimu" lenyewe linajieleza. Huja na kupita kama majira. Sisi wa Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, zikikatika zimekatika. Misimu mingi huenda hivyo hivyo. Lakini michache husalia ikawa maneno ya kila mtu, nayo huingia kwenye kamusi bila kelele.

Ni kweli neno "hongo" lina historia Ugogo?

Ni kweli, na ningependa kila mkazi wa Dodoma aijue historia hiyo.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani, hasa Bagamoyo, kwenda Tabora na Ujiji kutafuta pembe za ndovu, na ilibeba pia aibu ya biashara ya watumwa. Njia yao ilikatiza Ugogo. Ukishapita Mpwapwa ulikuta nyika iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji makali, kwa kuwa maji yake yalikuwa machungu. Ukitoka Ugogo kuelekea Unyamwezi ulikutana na Mgunda Mkali, pori kavu lililowatisha wapagazi kwa siku nyingi. Katikati ya sehemu hizo mbili ndipo walipokuwapo Wagogo, na visima vyao, na mtama wao, na ng'ombe wao.

Sasa fikiria msafara wa mamia ya watu umefika kisimani wakati wa kiangazi. Wakinywa wote na kujaza vibuyu vyao, ng'ombe wa wenyeji watanywa nini? Mtemi wa eneo alidai malipo kabla ya kuwaruhusu kupita, kunywa na kununua chakula. Malipo hayo yaliitwa hongo. Yalilipwa kwa nguo, shanga na waya wa shaba, tena hadharani, baada ya majadiliano yaliyoweza kuchukua siku kadhaa. Richard Burton na John Speke waliopita mwaka 1857 waliandika juu yake, na Henry Morton Stanley aliyepita mwaka 1871 aliandika pia. Wote walilalamika. Nikisoma malalamiko yao huwa namwona na yule mtemi, ambaye hakuandika kitabu, akiangalia kisima chake kinavyopungua.

Neno hili halikuwa la Ugogo peke yake, lilijulikana njia nzima ya misafara. Ila hapa ndipo lilipopata sifa zaidi. Hongo ilikuwa ada ya njia, karibu na ushuru tunaoujua leo. Utawala wa kikoloni ulipowanyang'anya watemi mamlaka yao, ada ya wazi ikakoma. Neno likaendelea kuishi, na sasa ni la malipo ya gizani: kutoa hongo, kula hongo, kupokea hongo. Kitenzi "kuhonga" kimesogea mbali zaidi, hadi kwenye zawadi za mwanamume anayemtaka mwanamke. Kwangu mimi hili ni neno lililoanguka daraja, na Wagogo hawastahili kubeba lawama ya maana yake mpya.

Kwa hiyo "kuzunguka mbuyu" nako kulianzia hapa?

Mibuyu iko sehemu nyingi za Tanzania, pwani ipo na bara ipo, kwa hiyo siwezi kuimilikisha nahau hii kwa mkoa mmoja. Lakini aliyewahi kusimama chini ya mbuyu wa Dodoma hahitaji maelezo marefu. Shina lake ni pana kiasi kwamba watu wawili wakienda nyuma yake, walioko mbele hawawaoni. Kuzunguka mbuyu ni kutoa rushwa: mnaacha macho ya watu, mnakwenda upande wa pili, mnamalizana. Ona jinsi nahau hii ilivyo kinyume cha ile hongo ya zamani iliyolipwa mbele ya wazee.

Mti huo huo umetupa msimu mwingine. Kijana akikuambia "nipe ubuyu," anataka habari za watu. Ubuyu tunaoujua ni zile mbegu zilizokorogwa kwa sukari na rangi nyekundu. Unaitia moja mdomoni, unaimung'unya taratibu, haijaisha unatamani nyingine. Umbea nao huliwa hivyo. Sijaona msimu wa miaka ya karibuni uliochaguliwa kwa ufundi kuliko huu.

"Kufungasha virago" ni kufungasha kitu gani hasa?

Kirago ni mkeka wa kulalia, hasa wa msafiri. Mpagazi wa msafara alikuwa na mzigo wa tajiri na alikuwa na kirago chake. Alfajiri akikikunja na kukifunga, ujue kambi inavunjwa. Leo timu ikitolewa mashindanoni tunasema imefungasha virago, na mpangaji aliyefukuzwa naye amefungashiwa virago.

Neno "mtumba" lina ukoo huo huo. Mtumba ni robota, mzigo uliofungwa kwa ajili ya kubebwa, na nguo zilikuwa sehemu kubwa ya mizigo ya wapagazi. Nguo kuukuu zilipoanza kuletwa zikiwa zimefungwa kwa marobota, neno lilikuwa tayari linazisubiri. Wageni hutania kwamba Mji wa Serikali umejengwa kwenye nguo za mitumba kwa sababu eneo lake linaitwa Mtumba. Hilo ni jina la mahali, lilikuwapo kabla ya wizara kufika.

Watu wakisema "amelivalia njuga" na "amebwaga manyanga" wanamaanisha nini?

Hizi mbili nazifundisha pamoja siku zote, kwa sababu moja ni mwanzo wa ngoma na nyingine ni mwisho wake.

Njuga ni vikengele vinavyofungwa miguuni mwa mchezaji. Mtu havai njuga ili akae kitako. Akishazivaa ameamua kuingia uwanjani, na kila hatua yake itasikika. Kulivalia njuga jambo ni kulishughulikia kwa nguvu zote na bila kujificha. Manyanga ni vibuyu vyenye mbegu ndani, vinavyotikiswa katika ngoma na katika uganga. Anayevibwaga chini ameacha shughuli. Kubwaga manyanga ni kukata tamaa, kujiuzulu, kujitoa.

Kama unataka kuzielewa nahau hizi kwa masikio yako, nenda Chamwino kunapokuwa na tamasha la muziki wa Kigogo. Sikiliza nindo, tazama msunyunho, waangalie akina mama wakiwa na ngoma za muheme. Utasikia miguu kabla hujasikia sauti. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniandikia kwamba njuga ni "aina ya nguo," kwa sababu ya kile kitenzi "kuvaa." Sikumlaumu, hakuwahi kuona njuga. Tangu hapo nahau za ngoma sizifundishi bila kuleta vifaa darasani.

Mbona tuko mbali na bahari lakini nahau zetu zimejaa bahari?

Kwa sababu Kiswahili kilipanda bara kikitokea pwani, na hakikuacha vyombo vyake huko. Dodoma iko kilomita kama 450 kutoka Dar es Salaam, lakini mtu aliyezaliwa Kondoa na asiyewahi kuona wimbi atakuambia mambo yake "yamekwenda mrama." Mrama ni kule kuyumba kwa chombo upande huu na upande huu kinapopigwa na mawimbi. Nahodha akisema chombo kinakwenda mrama, abiria wanashika chochote kilicho karibu.

Anayekalia kuti kavu naye ni mtu wa minazini. Kuti bichi hujikunja, kuti kavu hukatika ghafla, na aliye juu ya mnazi anajua maana yake. Hapa kwetu hatuna minazi, tuna mikuyu na mibuyu, lakini mkurugenzi aliye karibu kuondolewa bado tunamweka kwenye kuti.

Kwa nini kila kitu kwenye Kiswahili "kinapigwa"?

Simu inapigwa, pasi inapigwa, picha inapigwa, mswaki unapigwa, kura inapigwa, na wala hakuna anayeumia. "Piga" katika mafungu haya imeacha kumaanisha kugonga. Kazi yake ni kulibeba jina linalofuata na kuligeuza kuwa tendo. Ndiyo maana maneno mageni mengi yaliingia kwa mlango huu. "Kupiga deki" ni mfano mzuri: deki ni sakafu ya meli, na mabaharia waliisugua kwa maji. Leo tunapiga deki sebuleni.

Pale ambapo piga imebaki na maana yake ya asili, watu hawaioni. Katika "kupiga moyo konde," konde ni ngumi. Unaupiga moyo wako ngumi uache kutetemeka.

Debe linalopigwa na wapiga debe liko wapi?

Lilikuwapo. Debe ni lile bati la mafuta, la lita kama 18 au 20. Ukiligonga linaita watu kutoka mbali. Wapiga debe wa stendi ya Nzuguni hawana debe mkononi, wana koo. Wanasiasa nao hupigiwa debe.

Debe pia ni kipimo, na ukitaka kulikuta kazini nenda soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Hapo utajifunza neno lingine ambalo wakulima hulitamka kwa uchungu: lumbesa. Ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kilemba cha nyavu au kamba juu, huku likihesabiwa gunia moja. Lumbesa imekatazwa na sheria za vipimo. Nimelileta neno hili hapa kwa makusudi. Mtoto wa mkulima akielewa kwamba lumbesa si jina la mfuko bali ni jina la dhuluma, ataliangalia gunia kwa jicho lingine.

Maneno ya kisiasa kama "kutumbua majipu" na "kujivua gamba" yalianzia wapi?

Mengi yalianzia, au yalipata nguvu, hapa hapa Dodoma, kwa sababu hapa ndipo yalipo Bunge na vikao vikubwa vya chama.

"Kujivua gamba" ni lugha ya nyoka: ngozi ya zamani hutoka, nyoka hubaki. Aprili 2011 Chama Cha Mapinduzi kilikutana Dodoma, sekretarieti yake ikajiuzulu, na nahau hii ikawa ndiyo jina la mageuzi hayo. Haikuchukua muda mitaani wanachama wake wakaanza kuitwa "magamba," na wale wa CHADEMA, kwa mavazi yao, wakaitwa "magwanda." Ndivyo misimu inavyozaana.

"Kutumbua majipu" ni ya Rais John Magufuli. Alipolihutubia Bunge jipya hapa Dodoma, Novemba 2015, alifananisha kazi ya kuwaondoa wabadhirifu na kutumbua jipu: inauma, lakini lazima. Kila aliyewahi kuwa na jipu alielewa papo hapo, hakuhitaji mfasiri. Mwezi huo huo mtumishi aliyesimamishwa kazi akawa "ametumbuliwa," na neno likaendelea hata kwa mfanyakazi wa dukani aliyeachishwa na tajiri wake.

"Kung'atuka" lina heshima zaidi. Mwalimu Nyerere alilichukua kutoka Kizanaki, lugha ya nyumbani kwake, alipoacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake. Kwa hiyo usilitumie kwa mtu aliyefukuzwa. Huyo hakung'atuka.

Na "Ikulu," ukipita Chamwino ukaiona, kumbuka kwamba neno hilo lilitoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Lilikuwa makazi ya mtemi.

Kuchakachua ni neno la uchaguzi?

Hapana, ni neno la mafuta. Wafanyabiashara wasio waaminifu walichanganya dizeli na mafuta ya taa, ambayo kodi yake ilikuwa ndogo, wakauza kwa bei ya dizeli. Injini zilikufa. Kufikia uchaguzi mkuu wa 2010 watu walikuwa wamelizoea neno, wakalihamishia kwenye kura. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usiwe na faida, lakini neno lilikuwa limeshatoroka kituo cha mafuta. Sasa kinachakachuliwa chochote, hata maziwa.

Je, Machinga ni "marching guys"?

Sikubaliani na maelezo hayo hata kidogo. Yanavutia kwa sababu yanafanana kimatamshi, na hiyo ndiyo hatari ya asili za kubuni. Wamachinga ni watu wa mkoa wa Lindi. Vijana wa huko walikuja Dar es Salaam kufanya biashara ya kutembeza bidhaa, jina la kabila likawa jina la kazi, na leo mtoto wa Kigogo, wa Kirangi au wa Kinyaturu anayeuza kwenye soko la Machinga hapa Dodoma anaitwa Machinga. Ukiligeuza kuwa Kiingereza unawafuta watu halisi kwenye historia ya jina lao.

Daladala, kwa upande wake, ina asili ya kigeni kweli. "Dala" ilikuwa shilingi tano, jina lililotokana na dola. Nauli ya mabasi ya watu binafsi Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa shilingi tano, na makondakta waliiita kwa kuirudia. Msela naye ni baharia, kutoka Kiingereza cha bandarini.

Na majina ya fedha?

"Hela" ni sarafu ya Wajerumani, Heller, iliyoanza kutumika nchini mwaka 1904. Rupia moja ilikuwa na heller 100. Waliondoka, sarafu ikafa, neno limebaki pamoja na "shule," ambayo nayo ni yao. "Laki" imetoka India. "Msimbazi" ni noti nyekundu ya shilingi 10,000, kwa rangi ya timu ya Simba yenye makao Mtaa wa Msimbazi. Shabiki wa Yanga huishika noti hiyo bila malalamiko.

Nahau za nyumbani ambazo watoto hukosea ni zipi?

Mkono wa birika: bahili. Tazama mpini wa birika ulivyojikunja kurudi kwenye birika lenyewe. Haunyooki kwa mtu.

Kula chumvi nyingi: kuishi miaka mingi. Kila mlo una chumvi, basi aliyekula milo mingi ameila nyingi. Ni nahau ya heshima, haina uhusiano na ugonjwa wa shinikizo la damu.

Kumwaga unga: kupoteza kazi. Katika nyumba ya ugali na mlenda, aliyemwaga unga amewalaza wote njaa.

Kupigwa changa la macho: kudanganywa. Changa ni mchanga mwingi. Upepo wa Agosti hapa Dodoma unaifundisha bila mwalimu.

"Mbukwenyi" ni Kiswahili? Na Dodoma maana yake nini?

Mbukwenyi ni salamu ya Kigogo, kwa watu wengi. Mmoja huambiwa mbukwa. Imekuwa ya mji mzima, na mgeni anayeitamka hupokelewa kwa tabasamu. Dodoma, kwa simulizi ya Wagogo, inatokana na kuzama au kudidimia: tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito, akanasa matopeni, akazama. Kila nikiisimulia darasani, mtoto mmoja huuliza kama tembo alitolewa.

Mwanangu anamwambia bibi yake "poa." Nifanye nini?

Mweleze mpaka wake. "Poa" ni jibu la rika kwa rika. Bibi anaamkiwa shikamoo, naye ataitikia marahaba. Nyumbani kwetu mjukuu mmoja alimjibu bibi "freshi," na bibi akakaa kimya mpaka alipoamkiwa upya. Kijana hakurudia. Simkatazi mtu misimu. Namkataza kuipeleka mahali isipokaribishwa: kwa mzee, kwenye barua ya kazi, kwenye karatasi ya mtihani.

Misimu gani ya sasa unadhani itadumu?

Nawekea dau "chawa," yule anayeishi kwa kumsifia mwenye fedha au cheo. Zamani tulisema mpambe, lakini mpambe hanyonyi damu. Nawekea pia "kausha damu," mikopo ya riba kubwa inayowakamata mama lishe na wauza mboga kwa kuwataka marejesho kila siku au kila wiki. Nimewasikia wakilitamka sokoni kwa sauti ya chini, wakihesabu noti kabla ya mkusanyaji kufika.